Chharo Mbili

Kabla hajawa mtu wa kompyuta, Ekramul alikuwa mtu wa koleo, na kabla ya koleo alikuwa mtoto wa kisiwa cha Sandwip aliyemwona baba yake akipigwa marungu mpaka akalala kifudifudi kwenye matope.

Ardhi ya Sandwip haikai mahali pamoja. Bahari inamega upande huu na kutapika upande ule, na tope likishakauka na kuota nyasi, watu wanalipigania. Shamba la mpunga la baba yake lilizama lote katika misimu miwili ya mvua. Tope jipya lilipoinuka si mbali na pale, mzee akasema shamba lake ndilo hilo limerudi. Tajiri mmoja wa sokoni naye akasema ni lake, akaleta wanaume arobaini wenye marungu ya mianzi. Ekramul, wakati huo ana miaka kumi na moja, alikuwa nyuma ya lundo la majani makavu. Alisikia bega la baba yake likivunjika, mlio mkavu kama wa ukuni, na akamwona mmoja wa wale watu akifuta rungu lake kwenye nyasi, taratibu, kama mkulima anayefuta jembe baada ya kazi. Mwezi haukuisha, familia nzima ikavuka maji na kuja Sitakunda, pwani ambako meli zilizozeeka hukatwakatwa na vyuma vyake hupelekwa viwandani kupashwa moto na kuviringishwa kuwa nondo.

Alipotimiza miaka kumi na saba aliingia kiwanda kimojawapo. Aliyempokea ni Nurul Absar, fundi wa koleo mwenye mikono iliyojaa makovu na mdomo usiotulia. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: kipande cha chuma kinatoka tanurini chekundu, kinapita kwenye rola za kwanza, kinatokea upande wa pili kimerefuka. Mtu wa koleo anakidaka kichwa, anakigeuza, anakiingiza kwenye rola zinazofuata, kisha anaachia na kuruka nyuma kabla mkia haujamchapa. Wakati wa kuachia, wote walipiga kelele neno moja: chharo. Maana yake achia. Ukichelewa kuachia, unavutwa ndani pamoja na chuma.

"Sikiliza, we mtoto wa kisiwani," Absar alimwambia siku ya kwanza. "Chuma hakina urafiki. Ukisikia chharo, achia. Usianze kufikiria. Waliofikiria tumeshawazika."

Alishika koleo miaka mitano. Siku moja nondo ilikwama, ikajikunja, ikaruka na kumnyofoa vidole viwili vya mkono wa kushoto. Ingemtoboa kifua kama Absar asingemdaka ukosi na kumtupa nyuma. Absar mwenyewe aliungua shingo siku hiyo na hakulalamika. Hospitalini alichosema ni kwamba kuanzia sasa Ekramul akiulizwa saa, asionyeshe kwa vidole.

Mwenye vidole vitatu mkono mmoja hashiki koleo. Wakamweka chumba cha mitambo, kazi yake kutazama mishale ya joto na kubonyeza vitufe. Fundi umeme mmoja aliyekaribia kustaafu alimfundisha mambo ya waya. Kompyuta alijifundisha mwenyewe, kwanza kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, baadaye kwenye kompyuta ya mitumba. Wenzake wakambatiza Profesa wa Koleo. Waliendelea kumcheka mpaka kiwanda kiliponunua kisanduku cha kuendesha mitambo, ikaonekana mtu pekee anayeweza kukiandikia amri ni yeye. Absar, aliyemcheka kuliko wote, ndiye aliyekwenda nyumbani akasema kwamba dada yake Sajeda aolewe na yule Profesa, na akaolewa.

Amri za kile kisanduku ziliitwa skripti. Ekramul aliziandika kwa maneno yanayosomeka, kisha programu nyingine, kigeuzi, ikazigeuza kuwa baitikodi, yaani msururu wa namba ambao kisanduku kinaumeza na kuufuata bila kuuliza. Kila fungu la amri, wanaloliita fanksheni, lilitaka jina, na Ekramul hakwenda mbali kutafuta majina. Alitumia kelele za kiwandani. Dhoro, shika. Thamo, simama. Fanksheni ya kufungua mlango wa mwisho, ambao nondo iliyokamilika hupitia kwenda kwenye kitanda cha kupoa, aliiita chharo. Ilifanya kazi miaka sita bila kumgusa mtu.

Kisha meneja wa kiwanda, Bwana Monaf, akataka nondo mara mbili ya zile za zamani. Akamleta mhandisi kutoka mji mkuu, Dhaka, jina lake Shafayet, afunge kisukumizi kipya cha kutoa vipande tanurini bila mkono wa mtu. Shafayet hakuwa mtu mbaya. Alikaa chini na wafanyakazi akala wali na samaki mkavu, ingawa pilipili ilimtoa machozi, na alizipenda zile kelele zao. Siku ya kwanza alipoisikia chharo alitabasamu, akaiandika kwenye daftari lake. Fanksheni yake ya kuamuru kisukumizi kitoe kipande kingine, naye akaiita chharo. Hakumwambia mtu. Nani anatangaza jina la fanksheni?

Wageni walikuja Jumanne, saa tano asubuhi. Walikuwa wanunuzi wakubwa, na Monaf alitaka waone mtambo mzima ukienda wenyewe. Ekramul aliipata skripti ya Shafayet asubuhi hiyo hiyo. Aliipitia haraka haraka, kurasa tisa, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuiunganisha na ya kwake na kuzigeuza zote kuwa baitikodi moja. Akaomba wajaribu kwanza bila chuma.

"Wageni wako getini," Monaf akamwambia. "Unataka niwaonyeshe rola zinatafuna hewa?"

"Nusu saa tu, bosi."

"Hiyo nusu saa ungeiomba jana. Geuza, tuwashe."

Akageuza. Kioo cha kompyuta kikabaki kimya, na yeye akauchukulia ule ukimya kuwa salama.

Absar alikuwa amesimama karibu na mlango wa mwisho, koleo mkononi, ingawa mtambo mpya haukumhitaji tena pale. Alikuwa amesema tangu asubuhi kwamba hawezi kukiamini kitu kinachofanya kazi bila kutoka jasho. Kisukumizi kikatoa kipande cha kwanza. Kikapita rola zote vizuri, kila hatua kikizidi kuwa chembamba na kirefu, na mgeni mmoja akapiga makofi. Nondo ikafika mwisho. Skripti ya Ekramul ikaita chharo, ili mlango ufunguke. Mlango ukabaki umefungwa. Huko nyuma, tanurini, kisukumizi kikasukuma kipande cha pili.

Nondo iligonga mlango kwa kasi yake yote. Ikajikunja, ikainuka juu kama nyoka aliyekanyagwa mkia, na rola nyuma yake zikazidi kuisukuma. Kupitia kioo cha chumba cha mitambo Ekramul alikiona kitanzi chekundu kikishuka juu ya Absar na kumkata chini ya mbavu. Absar hakupiga kelele. Aliangusha koleo, akakishika chuma kwa mikono yote miwili kana kwamba anataka kukiweka pembeni, na mikono ikagandia pale pale. Kisha kipande cha pili kikafika na kuusukuma msokoto wote mbele, nao ukamburura hatua nne juu ya sakafu kabla Ekramul hajakifikia kitufe cha dharura. Rola ziliposimama ilisikika sauti ya mafuta yakiungua. Mgeni aliyepiga makofi alikuwa ameshika nguzo, anatapika kwenye viatu vyake.

Didar, mdogo wake Absar, alikuwa kwenye rola za tatu. Alimkumbatia kaka yake mpaka mwili ulipoacha kutikisika, kisha akaokota koleo lililoanguka na kupanda ngazi za chumba cha mitambo. Watu thelathini wakamfuata. Shafayet aliruka dirisha la nyuma. Monaf alisimama mlangoni pa ofisi yake, mbali, tena salama, akatamka kwa sauti iliyomfikia kila mtu kwamba aliyegeuza zile skripti ni Ekramul peke yake.

Ekramul hakukimbia. Baadaye kuna waliosema alikuwa jasiri, lakini yeye alisema miguu ilikataa tu. Didar akauvunja mlango wa kioo kwa koleo na kuingia.

"Umemfanya nini kaka yangu?"

"Didar, sijui. Wallahi sijui."

Pigo la kwanza lilimpata mkono wa kulia, na mlio wa mfupa ukawa ule ule alioujua tangu utotoni. La pili likampata mbavuni. Alianguka kati ya viti, na hapo wengine wakaingia na viatu vyao. Alimwona mtu aliyekunywa naye chai asubuhi ile akimkanyaga usoni, mkono mmoja ameshika meza asiteleze kwenye damu. Mwingine aliinyanyua kompyuta na kuipigiza ukutani, akaiokota, akaipigiza tena. Kilichomwokoa Ekramul ni polisi, walioingia na virungu na kupiga kila kichwa kilichokuwa karibu, cha mpigaji na cha mpigwaji. Nje wafanyakazi walikuwa wameshaligeuza gari la Monaf na kulitia moto. Polisi wakafyatua risasi za mpira uani, na mpakiaji mmoja akapoteza jicho siku hiyo. Mpaka adhuhuri umeme wa kiwanda ulikuwa umekatwa na geti limefungwa kwa mnyororo.

Absar alizikwa jioni ile ile. Ekramul hakuwepo. Alikuwa zahanati, mkono ndani ya plasta, mbavu zimefungwa bendeji, na polisi mmoja amewekwa mlangoni, haijulikani kama ni kumlinda asiuawe au asitoroke. Sajeda alikuja kesho yake na wali alioupondaponda, kwa kuwa mumewe hakuweza kutafuna. Alimlisha kijiko kimoja kimoja mpaka sahani ikaisha. Ndipo akamuuliza.

"Ni wewe?"

"Sijui."

"Usinijibu hivyo. Nimetoka kwa mjane wa kaka yangu, ameniuliza hivyo hivyo. Na mimi nimwambie sijui?"

Ekramul akamuuliza yeye wanasemaje huko nje. Sajeda akamweleza. Monaf na Shafayet walikuwa wamewapelekea polisi zile skripti mbili zimechapwa kwenye karatasi. Katika ile ya Shafayet fanksheni ya kisukumizi iliitwa chharo_tanuri, katika ile ya Ekramul ya mlango iliitwa chharo. Hakuna mgongano wowote, walisema. Mlango haukufunguka kwa kosa la aliyeuandikia amri. Mashtaka yalikuwa yameshaandikwa kwa jina la Ekramul.

Alilala akitazama dari. Kisha ikamrudia: ukurasa wa nne wa ile skripti aliyoipitia Jumanne, juu kabisa, neno chharo peke yake, bila tanuri wala mkia wowote. Alikuwa ameliona. Jicho lilipita juu yake kama mtu anavyopita mbele ya duka lake mwenyewe, kwa mazoea. Akajaribu kuinuka, na mbavu zikamuuma mpaka akatoka machozi.

"Majina yalikuwa mamoja," akamwambia mkewe. "Tuseme mtaani kuna Absar wawili. Mleta barua atauliza, Absar yupi? Kigeuzi hakiulizi. Kikikuta fanksheni mbili zina jina moja, ya pili inafuta ya kwanza. Barua zote anapelekewa wa pili. Mimi niliita mlango, ikaja tanuri."

Sajeda akaweka sahani sakafuni. "Na zile karatasi za polisi?"

"Wamebadilisha jina mtu akiwa ameshakufa. Skripti unaibadilisha kwa dakika moja. Lakini kwenye kisanduku kuna kadi, na kwenye kadi kuna baitikodi ya Jumanne. Umeme umekatwa, hakuna aliyeigusa. Majina yamo mle."

"Basi twende tukaichukue," Sajeda akasema, kama anayezungumzia mboga.

Walikwenda Ijumaa mchana, polisi wa mlangoni alipotoka kwenda kuswali. Walipita jikoni mwa zahanati, wakafuata reli, wakaingia kiwandani kupitia ukuta ulioangushwa siku ya fujo. Walinzi walikuwa wawili na mmoja wao alikuwa msikitini. Kwenye sakafu karibu na mlango wa mwisho palikuwa pamemwagwa mchanga. Sajeda aliutazama ule mchanga, akavuta ushungi wake, akaendelea kutembea.

Chumba cha mitambo kilikuwa kimejaa vioo. Ekramul alifungua kisanduku kwa vidole vitatu vya kushoto, skrubu moja moja, huku plasta ya mkono wa kulia ikigonga kila kitu. Kadi ndiyo kwanza imetoka, akasikia hatua kwenye ngazi. Mlinzi aliyebaki alikuwa mwanajeshi mstaafu mwenye kifua kama pipa, mtu wa Monaf kuliko kiwanda. Hakuuliza lolote. Aliudaka ule mkono wa plasta akausokota, na Ekramul akajisikia akilia kama mbuzi anayechinjwa. Akampiga yule mtu kichwa puani. Pua ikapasuka, lakini mlinzi hakuachia. Alimshika nywele akakigongesha kichwa chake kwenye mlango wa kisanduku, mara moja, mara mbili, mpaka macho ya Ekramul yakajaa damu. Aliona kadi imemponyoka, iko sakafuni kati ya vipande vya kioo, na kiatu cha mlinzi kimekaribia kuikanyaga.

Sajeda aliokota spana kubwa iliyokuwa chini ya meza. Alimpiga mlinzi gotini, na alipoinama akampiga tena juu ya sikio. Yule mtu akaenda chini kama gunia.

"Amekufa?" Ekramul akauliza.

Sajeda akainama, akaweka kiganja mbele ya mdomo wa yule mtu. "Anapumua. Okota kadi yako."

Walipofika kwenye reli ndipo Sajeda akagundua bado ameishika spana. Akaitupa mtaroni.

Siku hiyo nyumbani kwa marehemu palikuwa na khitma. Uani pamefungwa turubai, wanaume wa kiwandani wamekaa kwenye mikeka, masufuria ya nyama yanatokota, na pembeni yuko mtu anakatakata ng'ombe kwa panga pana. Mazungumzo yalikatika Ekramul alipoingia, damu inamtiririka kwenye shavu, kompyuta yake ya mitumba, waliyopitia nyumbani kuichukua, iko kwapani mwa mkewe. Didar akasimama.

"Nani kamruhusu huyu?"

"Mimi," Sajeda akamjibu. "Kaka ni wa kwangu pia. Ukitaka kumpiga, subiri amalize kusema."

Ekramul alipiga magoti mkekani, akaingiza kadi. Kulikuwa na programu ndogo aliyowahi kuiandika ya kufumua baitikodi na kutoa orodha ya majina yaliyomo. Akaisoma ile orodha kwa sauti mbele ya watu ambao kelele zile ziliwatoka vinywani kila siku. Dhoro. Thamo. Akaendelea mpaka chharo. Akawaambia zilitakiwa kuwa chharo mbili, ya mlango na ya tanuri, na wao wenyewe waone, imo moja. Kisha akaifungua na kuwasomea kilichomo ndani yake: washa kisukumizi, sekunde tatu, zima.

Mtu wa koleo wa rola za mwisho akasogea mbele. "Hiyo si ya mlango."

"Siyo."

"Mlango wenyewe uliambiwa nini?"

"Haukuambiwa kitu. Neno lake lilikuwa limeshachukuliwa. Na jina kwenye karatasi za polisi limebadilishwa baadaye. Wameongeza tanuri mwishoni mwake."

Walielewa upesi kuliko alivyotegemea. Hawakuwa watu wa kompyuta, lakini kila mmoja wao aliwahi kuona watu wawili wakiitikia kelele moja. Mmoja akasema mhandisi yuko nyumba ya wageni nyuma ya kituo cha mafuta, ameonwa asubuhi. Wanaume wakaanza kusimama mmoja mmoja, bila haraka, na ule utaratibu wao ulitisha kuliko makelele. Didar alikwenda kwa mkata nyama, akamnyang'anya panga, akaanza kulifuta kwenye kikoi chake.

Ekramul angeweza kunyamaza. Wote walikuwa wameshampa mgongo. Lililobaki halikuwemo kwenye kadi wala kwenye karatasi za polisi, na kompyuta ya kiwandani ambayo ingelionyesha ilikuwa vipande vipande. Alilijua peke yake tangu Jumatano, akiwa amelala pale zahanati anatazama dari.

"Kaeni," akasema. "Sijamaliza."

Hakuna aliyekaa, lakini hakuna aliyepiga hatua nyingine.

"Kigeuzi huwa kinatoa onyo majina yakigongana. Mstari mmoja tu, kwenye kioo. Mimi nililizima hilo onyo. Tangu msimu wa mvua. Kilikuwa kinanipigia kelele kila siku kwa vitu vidogo vidogo, nikachoka nacho, nikakiamuru kinyamaze. Jumanne kingeniambia. Nilikuwa nimekiziba mdomo."

Nyama ilikuwa inachemka. Sajeda, aliyekuwa amesimama kando yake, hakumtazama. Hilo hakuwa amemwambia.

"Kwa hiyo ni wewe," Didar akasema.

"Ni mimi, ni Shafayet, ni bosi aliyekataa tujaribu bila chuma. Lakini kama hilo panga linakwenda kwa Shafayet, shemeji, lianzie hapa."

Didar alirudi. Watu walimpisha. Alimfikia, akamshika ukosi kwa mkono wa kushoto, akaligeuza panga na kumpiga mdomoni kwa mpini wake wa mti. Meno matatu yakatoka. Akampiga tena, taya likaenda upande. Hakuna aliyeingilia, na Ekramul hakuinua mkono. Kisha Didar akaligeuza panga tena, makali mbele, akalinyanyua juu ya kichwa chake, na likakaa pale juu. Lilikaa muda mrefu mno. Ekramul aliutazama mkono ule uliojaa mishipa na hakuwaza dua wala mke. Aliwaza kwamba ana kiu. Mwishowe mkono ulishuka wenyewe kama uliochoka. Didar akakaa chini kwenye udongo, panga mapajani, akalia kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, mdomo wazi, bila kujifunika uso.

Waliokwenda nyumba ya wageni walikuwa wanne tu. Walivunja mlango, wakavunja kitanda, hawakumkuta mtu. Shafayet alikuwa kituo cha polisi tangu adhuhuri, ameomba mwenyewe afungiwe. Wiki ile ile alikiri kwamba jina alilibadilisha yeye, Monaf amesimama nyuma ya kiti chake akimwambia andika. Monaf alikwenda Dhaka kutibiwa moyo na moyo wake haujapona mpaka leo. Kila kesi yake ikiitwa, daktari anatuma barua. Shafayet alifungwa miaka miwili. Ekramul alifungwa miezi kumi na minne kwa uzembe, na ushahidi uliomfunga ulikuwa maneno yake mwenyewe ya siku ile uani, aliyoyarudia mahakamani neno kwa neno, ingawa kwa taya lile ilibidi hakimu amwombe arudie. Mlinzi alibaki kiziwi wa sikio moja. Alipoulizwa alisema ameteleza kwenye ngazi, kwa kuwa hakuwa tayari kutaja mbele ya watu kwamba amepigwa na mwanamke.

Sajeda alikuwa akienda gerezani kila wiki na wali. Miezi mitano ya kwanza alimpa sahani na kukaa hadi muda uishe bila kuzungumza naye. Mwezi wa sita alimwambia plasta waliifunga vibaya, mkono umepinda, na kwamba mjane wa Absar amepata kazi ya kushona. Wakaanzia hapo.

Alipotoka hakuna kiwanda kilichomtaka, naye hakukitaka. Aliweka meza sokoni, chini ya ngazi za duka la nguo, akawa anatengeneza redio, feni na simu kwa mkono uliopinda na mkono wa vidole vitatu. Watu wa koleo walipita wakienda kazini. Baadhi walimsalimia, baadhi walivuka barabara.

Mwaka ulikatika. Siku moja ya joto kali Didar alisimama mbele ya meza na feni ya mezani iliyoshikwa kwa waya. Alikuwa amenenepa kidogo, na shingoni alikuwa na alama mpya ya moto. Hakutoa salamu. Aliiweka feni mezani, akaisukuma mbele.

"Inanguruma," akasema. "Na haigeuki."

Ekramul akaichukua, akaigeuza chini juu, akaanza kufungua skrubu. Didar akavuta kigoda, akakaa akisubiri, mgongo ameuelekeza barabarani.